Namna Pembe ya Malolwe Ilivyoingia Ubia na Halmashauri

Mimi, Ernesti Lubago, ni mwana wa Titiko Lubago, aliyekuwa karani wa baraza la jadi na ambaye hakupata kuchelewa kazini hata siku aliyooa. Titiko alikuwa mwana wa Mapande, mtu ambaye majirani walimwachia funguo zao na wapinzani wake walimwachia wosia wao. Mapande alikuwa mwana wa Chubwa, aliyemwangusha kwa mkuki wake mwenyewe yule tandala ambaye pembe yake ndiyo sababu ya habari hii. Hakuna hata mmoja wao aliyezikwa akiwa na kesi. Siwataji kwa majivuno. Nawataja ili msomaji ajue kwamba anayezungumza naye hakuokotwa njiani.

Nilisoma katika zama ambazo mwalimu alikagua kucha za mwanafunzi kabla ya kukagua hesabu zake. Huko nilifundishwa kusema lililo kweli, kulisema kwa mpangilio, na kuketi. Ndivyo nitakavyofanya hapa.

Nchi ninayoisimulia siitaji jina. Msomaji akidhani kwamba anaijua, atakuwa amekosea, kwa maana nchi zenye mto, zenye halmashauri na zenye wananchi hodari wa kupiga makofi ni nyingi mno chini ya jua. Yatosha kusema kwamba katika nchi hiyo kipo kijiji kiitwacho Malolwe, kilichogawanyika sehemu mbili: Malolwe Juu, iliyo mgongoni mwa kilima, penye mawe na upepo, na Malolwe Chini, iliyo bondeni kando ya mto Lukuti, penye udongo mweusi unaootesha hata fimbo ya mzee ikisahauliwa.

Mto Lukuti una tabia moja mbaya. Mvua hunyesha milimani, mbali tusikokuona, nao mto hutufikia umevimba huku kwetu jua linawaka na nguo zinakauka kambani. Hautangulizi wingu wala radi. Kwa sababu hiyo Chubwa alianzisha zamu. Majira ya mvua, mmoja wetu wa Malolwe Juu aliketi juu ya Mwamba, mahali panapoonekana kona ya mbali ya mto. Akiona maji yamegeuka rangi na magogo yanakuja yakibingirika, alipuliza pembe mlio mmoja mrefu usiokatika, hadi pumzi imwishie, kisha akaanza tena. Watu wa Chini walikuwa na sheria moja tu: pembe ikilia, acha chungu mekoni, beba mtoto, panda. Kuuliza hakukuwamo.

Yapo na mengine ambayo wageni hawakuyaelewa kamwe. Mara nyingine mpulizaji alikosea. Watu walipanda kilima wakihema, wakaketi, wakatazama, na mto ukapita kwa adabu zake. Siku kama hiyo ilikuwa marufuku kumcheka mpulizaji. Jioni yake watu wa Chini walimpikia uji wa ulezi na kumpelekea mlangoni, naye akaunywa mbele yao hadi akakomba kibuyu. Ule ulikuwa uji wa aliyepuliza bure. Maana yake ilikuwa: usiogope kukosea, kesho puliza tena. Mimi mwenyewe nimeunywa mara nyingi, na mara nyingi aliyeuleta ni mjukuu wangu Tabita, ambaye tangu akiwa binti mdogo alikibeba kibuyu kile kichwani bila kukishika, akanipigia magoti na kuniambia, "Kunywa, mume wangu mzee. Leo umetukimbiza bure."

Hatukuwa na katiba, mhuri wala mwenyekiti. Hatukujua kwamba sisi ni asasi ya kiraia ya kujitolea. Jambo hilo tuliambiwa.

*

Ilitokea kwamba Serikali Kuu iliagiza kila halmashauri iwe na ubia na wananchi wanaojitolea. Halmashauri yetu ilitafuta wa kuingia naye ubia. Ilitazama chama cha kuzikana, ikaona hakina la kuonyeshwa wageni isipokuwa majembe. Hatimaye mtu fulani akawaambia kwamba Malolwe kuna watu wana pembe.

Mkurugenzi wa Halmashauri, Mheshimiwa Gaitani Mbwiga, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, na alijua hivyo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi mmekuwa mkijitolea kiholela. Kuanzia leo mtajitolea kwa utaratibu. Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kando ikitazama wananchi wakifanya jambo jema peke yao!"

Tulipiga makofi. Bibi Kalunde, mjane wa Malolwe Chini ambaye umri haujampunguzia ulimi, akasimama kwa mkongojo wake.

"Baba, samahani. Katika huo ubia, ninyi mnaleta nini?"

"Sisi tunaleta ushirikiano, mama."

"Na sisi?"

"Ninyi mnaleta pembe."

"Haya," akasema Bibi Kalunde, akiketi. "Mbuzi analeta nyama, fisi analeta hamu ya kula."

Watu walicheka, naye Mkurugenzi akacheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa watu. Ubia ukapita kwa kauli moja.

Hapo hapo lilizuka tatizo la kitaalamu. Ubia ni usawa, lakini pembe ina tundu moja la kupulizia. Haikuwezekana wabia wawili wapulize kwa pamoja, ingawa tulijaribu. Wajumbe walijifungia, wakajadili, wakatoka na uamuzi wa hekima: jamii itoe pumzi, Halmashauri itoe mkono. Akateuliwa kijana msafi mwenye tai, Bwana Soteri Kapalata, kwa cheo cha Afisa Mpulizaji Mwenza. Kazi yake ilikuwa kuushika mdomo mpana wa pembe wakati mimi ninapuliza, ili ionekane kwamba na Serikali imo. Kiganja chake kiliziba nusu ya sauti. Pembe iliyokuwa ikisikika hadi ng'ambo ya mto ikawa inalia kama ndama aliyekabwa.

"Kijana, unaizuia sauti," nilimwambia.

"Siizuii, Mzee Lubago," akanijibu kwa unyenyekevu. "Ninaiwezesha."

*

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi aliomba asikie ule mlio wa mafuriko, kwa heshima ya wageni. Nilikataa. Nilieleza kwamba mlio ule haupulizwi kwa maonyesho, kama vile mtu haitii "mwizi" ili kupima koo lake. Kapalata alinihurumia, akaipuliza yeye, na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na kiganja mdomoni mwa pembe, sauti ilitoka yote. Ilishuka bondeni, ikagonga kilima cha pili, ikarudi. Watu wa Chini walianza kupanda kwa mbio wakiwa na watoto mgongoni, ikabidi mgambo wawarudishe.

Mkurugenzi alifuta machozi. "Sauti kama hii," alisema, "mnaipoteza kwa maji?"

Tangu hapo pembe ilipewa majukumu mapya. Mlio mfupi ulikuwa wa diwani. Milio miwili mifupi ilikuwa ya Mkurugenzi. Ule mrefu usiokatika, kwa kuwa ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, ulitengwa kwa ajili ya waziri na wageni wanaolingana naye. Wageni walipokelewa katika Uwanja wa Ubia, ambao ulichongwa Malolwe Chini, ukingoni mwa mto, kwa sababu ndipo palipo tambarare na magari hupenda tambarare. Mwananchi aliyesikia pembe alitakiwa avae sare na kushuka uwanjani. Aliyeshuka alipewa soda na biskuti. Asiyeshuka alitembelewa na kuulizwa ana tatizo gani na maendeleo.

Katika mkutano uliofuata nilisimama. Nilisema, kwa mpangilio niliofundishwa, kwamba chombo kimoja hakiwezi kuwaambia watu wapande na kuwaambia washuke. Nilisema kwamba mtu husahau kwa masikio yake kabla ya kusahau kwa akili yake. Kisha nikaketi. Katibu wa Halmashauri akatangaza kwamba Mzee Lubago, kwa niaba ya wazee, ameupongeza ubia.

Wageni walikuwa wengi. Walikuja kujifunza kwetu namna ya kushirikiana na Serikali. Nilipokataa kupuliza kwa ajili yao, Kapalata alipuliza, naye kwa kweli akawa hodari. Watoto waliozaliwa majira hayo walikua wakijua kwamba pembe ni biskuti.

*

Mratibu wa mapokezi alikuwa Tabita.

Msomaji asimhukumu. Tabita alikuwa na akili na alikuwa na sababu. Alikuwa amezaliwa na kuolewa huko huko Malolwe Chini, akapanda vitunguu vilivyosifiwa hadi mjini, lakini kila msimu vilimwozea kwa kukosa daraja. Mkurugenzi alimwambia kwamba daraja huletwa na wageni, na wageni huletwa na mapokezi mazuri. Basi alikusanya kina mama, akawashonea vitenge vya rangi moja, akawatungia nyimbo.

Nilimwita nyumbani. Alinipigia magoti, akaniamkia, nikaitikia.

"Mjukuu wangu, unawafundisha watu kushuka."

"Babu, nawafundisha kupokea."

"Na siku ya maji?"

"Siku ya maji utapuliza, nasi tutapanda. Sisi si wapumbavu, Babu."

"Mtajuaje kwamba ni maji?"

Alicheka, akanishika ndevu kama wajukuu wanavyowafanyia babu zao. "Mume wangu mzee una wivu. Umezoea pembe ilie kwa ajili yako tu. Ngoja daraja lije, nitakutembeza juu yake nimekushika mkono, watu waseme, tazameni bwana harusi!"

Nilimwambia aache mzaha. Akaacha. Akaniambia kwa sauti nyingine, "Babu, nimechoka kutupa vitunguu."



*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Ilikuwa majira ya mvua, na zamu ya Mwamba ilikuwa yangu. Bwana Kapalata alikuwapo kwa upande wa Halmashauri, ameketi kitini chini ya mwavuli, maana ubia ulimpa kiti na mimi ulinipa jiwe.

Niliona kona ya mbali imebadilika rangi. Kisha nikaona miti mizima inakuja imesimama, mizizi ikiwa juu. Nilichukua pembe.

"Mzee," akasema Kapalata, akifungua ratiba yake, "leo hatuna mgeni."

"Si mgeni. Ni maji."

"Maji hayamo kwenye ratiba."

"Kapalata mwanangu, simama utazame."

"Nitatazama, Mzee, lakini kwanza nipige simu niombe kibali. Tukipuliza upande mmoja, tutakuwa tumevunja ubia."

Sikumngoja. Nilipuliza ule mlio mrefu wa Chubwa na Mapande na Titiko, bila kiganja cha mtu yeyote, na sauti ilitoka kama ilivyotoka enzi za baba zangu. Ilishuka, ikagonga kilima cha pili, ikarudi.

Malolwe Chini waliisikia. Kwa hilo siwezi kumlaumu mtu yeyote. Waliisikia vizuri sana.

Milango ilifunguka. Kina mama walitoka, wakarudi ndani, wakatoka tena wakiwa na vitenge. Wanaume waliacha majembe mashambani, wakanawa miguu. Mlio mrefu! Tangu ubia uanze, mto ulikuwa haujafurika, na waziri alikuwa hajapata kufika. Wote walishuka uwanjani, hata wale ambao hawakuwa na desturi ya kushuka. Tabita nilimtambua kwa kilemba chake cha manjano. Aliwapanga waimbaji kwa safu nzuri, nyuso zikielekea barabarani, ambako wageni hutokea. Migongo yao ilielekea mtoni.

Nilipuliza tena. Tabita aliinua mikono, wimbo ukaanza.

Ndipo Kapalata aliposimama na kutazama. Simu ilimwanguka mkononi.

"Mzee! Mzee, puliza zaidi!"

"Nikipuliza, wanakuja zaidi."

"Basi acha!"

Niliacha. Pembe iliponyamaza, wale wa uwanjani wakafahamu kwamba mgeni ameshaingia kijijini. Wakapiga vigelegele.

"Puliza, Mzee, puliza!"

"Kapalata, nipulize nini? Mlio wa maji ninyi mmeshampa waziri. Umebaki mlio gani?"

Alitupa tai na viatu, akateremka kilima kwa mbio, akipunga mikono na kupiga kelele. Mimi magoti yangu hayakuniruhusu. Kule chini walimwona Afisa wa Halmashauri anakuja mbio bila viatu, wakajua kwamba sasa waziri yu karibu kabisa. Safu zikajipanga upya. Nyimbo zikapanda. Nilimwona Kapalata anamfikia Tabita, anamshika bega, anamwonyesha mtoni kwa kidole. Nilimwona Tabita anageuka.

Mto Lukuti ulifika uwanjani bila kuomba kibali.

*

Aliyekuwa amepanda ni Bibi Kalunde peke yake. Alifika Mwambani kwa mkongojo wake, kwa maana alikuwa hajakubali kufundishwa upya. Tuliketi pamoja tukitazama. Kisha alisema:

"Nilimshika Tabita mkono pale mlangoni kwake. Nikamwambia, tupande, hii ni pembe ya Mapande. Akaniambia, Bibi, leo ni waziri, leo tunapata daraja."

Wengine waliokolewa na miti, wengine na mapaa ya nyumba. Kapalata aliokotwa mbali, amekumbatia gogo, akiwa hai, lakini tangu siku hiyo anapoulizwa jambo hujibu kwa kutikisa kichwa. Tabita tulimpata siku iliyofuata penye matete. Kilemba chake kilikuwa hakijafunguka. Nilimfumba macho mimi mwenyewe, mimi niliyepaswa kufumbwa na yeye.

Jioni ya mazishi Bibi Kalunde alikuja mlangoni kwangu na kibuyu. Uji ulikuwa wa ulezi, bado unatoa moshi. Magoti yake hayakunjiki, hivyo aliinama tu.

"Kunywa, Lubago."

"Bibi, huu ni uji wa aliyepuliza bure."

"Ndiyo," akasema. "Umepuliza bure."

Niliunywa. Nilikomba kibuyu kama desturi inavyotaka. Sijui kama kuna chakula kichungu kuliko hicho, na nimeshaishi miaka mingi.

*

Mheshimiwa Mbwiga alifika kutoa pole, na safari hii alifikia Malolwe Juu. Alisimama mbele yetu amevaa nyeusi.

"Katika msiba huu mzito," alisema, "tunapata faraja moja. Ubia wetu umejaribiwa, na ubia haukuyumba. Pembe ilipulizwa kwa wakati. Wananchi waliitikia kwa wingi usio na kifani. Afisa wetu alikuwa bega kwa bega na jamii hadi dakika ya mwisho."

Nilitafuta uongo katika hotuba ile ili nisimame niukanushe. Nilitafuta neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Haukuwamo.

Alituarifu kwamba waziri atakuja sasa, kwa hakika, kuweka jiwe la kumbukumbu, na kwamba uwanja umeshasafishwa matope. Aliniomba niipulize pembe. Nilimwambia kwamba nitakufa sijaipuliza. Alinifariji, akanikumbusha kwa upole kwamba pembe ni mali ya wabia wote wawili, na kwamba mbia mmoja akichoka, mwenzake humsaidia. Mgambo akaichukua kutoka ukutani kwangu, mahali ilipotundikwa na Chubwa. Sikumpiga. Wanaume wawili walikuwa wamenishika, tena kwa heshima.

Waziri alikuja. Niliusikia mlio mrefu ukipulizwa na mgambo nisiyemjua. Nilitoka nje, nikasimama Mwambani, nikatazama chini. Walikuwa wanashuka. Waliofiwa walikuwa wanashuka, wamevaa vitenge vilivyokaushwa juani. Niliwaita. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwangu.

Sasa nawageukia ninyi vijana wa Malolwe, na wa popote penye mto na halmashauri. Simameni wima ninapozungumza nanyi. Pembe sina tena. Nimebaki na sauti hii, nayo ni ya mzee, haifiki ng'ambo. Basi sikilizeni kwa masikio mliyopewa bure.

Siku pembe itakapolia, aipulize yeyote, kwa kibali cha yeyote, kwa ratiba yoyote, msivae sare. Msipange safu. Msiniulize ni nani anayekuja, wala msimuulize yeyote. Pandeni. Yawezekana atakuwa ni waziri tu, naye atakuta uwanja mtupu, na ninyi mtakuwa mmehema bure hadi juu. Siku hiyo nitawapikia uji wa ulezi kwa mkono wangu mwenyewe, mlango kwa mlango, na asitokee wa kumcheka mwenzake.

Pandeni.